Kompyuta Iliyoogopa Baridi ya Nyeri

Saa moja kasorobo asubuhi, mwezi wa Julai. Ukungu umeshuka kutoka milima ya Nyandarua ukafunika Ruring'u yote, hapa Nyeri, na kutoka dirishani siuoni hata mparachichi ulio langoni. Nabonyeza swichi ya kompyuta. Feni inashtuka, inazunguka mara moja, inasimama. Nabonyeza tena. Taa ya kijani inamulika kidogo na kuzima. Naenda jikoni kunywa chai, narudi saa mbili, narudi tena saa tatu, na mambo ni yale yale. Saa saba mchana, jua likishapenya na chumba kupata joto, nabonyeza mara moja tu na mashine inawaka kana kwamba haijawahi kuugua.

Wenyeji wa huku huyaita majira haya gathano. Mvua ya njahi, yaani ya masika, imekwisha, mahindi yamesimama shambani bila kukomaa, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 11. Kwa wiki mbili nilipanga kazi zangu kwa kufuata jua. Watu wa nyumbani walinicheka, lakini mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu ndani ya sanduku lile mlikuwa na daftari la chama chetu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kusaidiana cha watu wa Mukurwe-ini. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, nyeusi, nzito, iliyoundwa mwishoni mwa mwaka 2006. Tuliinunua mwaka 2011 ikiwa imeshatumika ofisini huko ng'ambo, moja ya zile mashine ambazo wauzaji wetu huziita «ex-UK» hata kama zilitoka Uholanzi. Tangu hapo kila mchango, kila mkopo na kila faini ya kuchelewa mkutanoni imeandikwa humo. Mwanachama akifiwa, ni humo tunamotazama amechangia wangapi kabla yake. Daftari hilo likipotea, chama hakifi siku hiyo hiyo, lakini watu huanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Niliipeleka kwanza kwa duka moja mjini, nikafika saa sita mchana. Bila shaka iliwaka. Mwenye duka akaniambia haina shida yoyote, nirudi nayo nyumbani. Siku ya pili niliamka mapema nikamfikishia saa mbili, ikagoma mbele ya macho yake. Hakuifungua. Hakutoa hata bisibisi. Alisema, «Mazabodi imekufa hiyo, na mashine ya siku hizo haina spea tena. Niachie nikupunguzie bei ya nyingine.» Nilibeba mzigo wangu nikatoka.

Ninalotaka kuandika leo limo katika maneno hayo mawili, «mazabodi imekufa». Ndiyo hukumu inayotolewa kwa wepesi kuliko zote katika ufundi huu, na katika mashine kuukuu ninazozifahamu, mara nyingi imekuwa hukumu ya uongo. Mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta, ina mamia ya vijenzi. Kusema yote imekufa bila kupima kimoja ni sawa na daktari kumwona mgonjwa anakohoa akaagiza jeneza.

Fundi niliyemwendea baadaye ana kibanda katika orofa ya kwanza ya jengo la zamani karibu na Barabara ya Gakere, juu ya duka la mbegu, ukuta kwa ukuta na saluni. Ni kijana wa miaka thelathini hivi. Alisomea umeme na elektroniki chuoni, lakini anasema mkono wake aliupata kwa mjomba aliyekuwa akitengeneza redio sokoni Karatina. Juu ya meza yake hapakuwa na vifaa vya ajabu. Palikuwa na mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu, brashi ya rangi iliyokatwa manyoya yakawa mafupi, chupa ya spiriti, kopo la maziwa lililojaa skrubu, na taa ya kuvaa kichwani kama ya wachimba visima.

Hakugusa kompyuta. Aliniuliza, «Mzee, inakataa saa ngapi?»

Nikamweleza habari ya asubuhi na mchana. Akauliza ikishawaka hukaa muda gani, kama hujizima yenyewe, kama niliwahi kusikia milio ya kengele ndani, kama stima ilikatika karibuni, kama kuna aliyeifungua, na kama saa yake husoma sawasawa. Hapo kwenye saa nilikumbuka kwamba kila ninapochomoa waya ukutani, tarehe hurudi nyuma hadi Januari 2005, na tovuti ya kodi ya iTax hukataa kufunguka ikidai muunganisho si salama. Aliandika yote kwenye karatasi. Kisha akasema niiache ilale pale kibandani, yeye atakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapasha mabati. «Ugonjwa wa baridi huupimi mchana,» alisema.

Nilifika kabla yake.

Alianza na pawasaplai, kile kisanduku cha chuma kinachogeuza stima ya ukutani kuwa umeme mdogo. Aliing'oa plagi yake pana ya pini 24 kutoka kwenye mazabodi, akachukua kipande cha waya na kuunganisha tundu la waya wa kijani na tundu la waya mweusi. Hiyo ndiyo amri ya kuiwasha bila mazabodi. Feni yake ikazunguka. Akagusisha ncha za mita: waya wa manjano ukasoma volti 12.1, mwekundu 5.0, wa rangi ya chungwa 3.3. Kipimo kinaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5, kwa hiyo manjano ikiwa chini ya 11.4 au juu ya 12.6 basi hapo pana neno. Hapakuwa na neno. Lakini hakuridhika. Alinieleza kwamba pawasaplai ikipimwa bila mzigo ni kama mtu anayejisifu nguvu kabla hajabeba gunia, kwa hiyo akafunga ya kwake aliyo na uhakika nayo. Kompyuta ikafanya vile vile: feni ikashtuka, ikasimama. Mtuhumiwa wa kwanza akaachiliwa.

Hapa nimwonye msomaji ambaye mkono wake unaanza kuwasha. Kisanduku hicho usikifungue. Stima yetu ya volti 240 ikishanyooshwa humo ndani hufikia volti zaidi ya 300, na kapasita zake kubwa huweza kuushikilia umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa. Kupima kwa nje kunatosha.

Akaja kwenye ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Zilikuwa vipande viwili. Alivitoa vyote na kujaribu kuwasha, akitega sikio. Mazabodi iliyo hai ikikosa ramu kwa kawaida hulia, na mpangilio wa milio hiyo hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Hii haikulia. Akasugua meno ya dhahabu ya kila kipande kwa raba nyeupe ya wanafunzi, akayapangusa kwa spiriti, akarudisha kimoja kimoja, tundu moja moja. Kimya. Akatoa kadi ya ziada, akachomoa diski kuu, ile tunayoiita «hadi diski», na kiendeshi cha sidii, mpaka ikabaki mazabodi na prosesa na kipande kimoja cha ramu. Ndivyo wanavyofanya mafundi makini: huivua mashine nguo zote, kisha huirudishia moja moja mpaka ugonjwa ujitokeze. Hadi hapo ilikuwa saa moja na robo na hakuwa amebadilisha hata kijenzi kimoja.

Akavaa taa yake, akainama.

«Njoo utazame hapa.»

Kando ya prosesa palikuwa na vijitungi vidogo vya alumini, vimejipanga safu kama askari, kila kimoja na urefu wa kiungo cha kidole. Vilikuwa tisa. Juu ya kila kimoja pamechorwa alama ya msalaba. Vitano vilikuwa na vifuniko bapa. Vitatu vilikuwa vimevimba, vimeinuka katikati kama mkate unaoumuka. Cha nne kati ya vibovu kilinidanganya, maana juu kilikuwa bapa kabisa, lakini chini yake ubao ulikuwa na doa la hudhurungi lililokauka likawa gamba. Kilikuwa kimevuja kwa miguuni.

Hizo ndizo kapasita. Mafundi wa redio wa zamani waliziita kondensa. Ndani yake mna karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja, katikati zikitenganishwa na karatasi iliyoloweshwa kemikali ya majimaji. Kazi yake ni kama ya tangi lililo juu ya paa. Mabomba ya mjini yakitoa maji kwa kukatakata, tangi hukusanya na kumpa mwenye nyumba mtiririko usiotetereka. Prosesa inataka volti moja na ushei tu, lakini kwa makumi ya ampea, na inazitaka bila kutikisika hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mazabodi huzitengeneza kutoka kwenye zile volti 12, na kapasita hizi ndizo zinazotuliza mawimbi.

Yale majimaji ya ndani hupungua mwaka baada ya mwaka. Yanayobaki, yakipata baridi, huwa mazito na kupitisha chaji kwa shida. Kapasita changa ina akiba ya kutosha na haijali Julai. Kapasita iliyozeeka imefika ukingoni, na nyuzi 10 za Nyeri zinatosha kuisukuma. Jua likipanda, majimaji hulegea, na mashine huamka. Ndiyo maana mchana iliwaka. Mwenye duka wa kwanza aliona dalili hiyo hiyo kwa macho yake, ila hakuiuliza swali.

Vimbe zile zina historia yake. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, dunia ilijaa kapasita mbovu. Baadhi ya viwanda, vingi vikiwa Taiwan, vilitumia kemikali iliyokosa viungo vya kuzuia kutu ya ndani. Badala ya kudumu miaka kumi, kapasita hizo zilijaa gesi ya haidrojeni, zikavimba na kupasuka katika mwaka wa pili au wa tatu. Ule msalaba wa juu umewekwa makusudi, ili kifuniko kifunguke polepole badala ya kulipuka. Inasimuliwa kwamba chanzo kilikuwa fomula iliyoibwa nusu nusu, na hadithi hiyo imerudiwa mara nyingi kuliko ilivyothibitishwa. Lililo hakika ni kwamba makampuni makubwa ya kompyuta yalilazimika kubadilisha mazabodi kwa wingi. Miaka hiyo hiyo ofisi za Ulaya na Marekani zilikuwa zikitupa mashine zao kila baada ya miaka mitatu au minne, na nyingi zilipanda meli zikaja kwetu. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilipokea na kukarabati kompyuta kama hizo kwa ajili ya shule. Kizazi kizima cha wanafunzi wa eneo la Mlima Kenya kiligusa kipanya kwa mara ya kwanza kwenye mashine zilizotumika. Nashawishika kuamini kwamba nyingi zilizorundikwa nyuma ya maabara za shule zikiitwa maiti zilikuwa na vijitungi vinne vya kubadilisha.

Lakini fundi hakutaka kuamini macho peke yake. Aligonga ukuta wa saluni, na baada ya muda dada wa saluni akaja na draya ya nywele, akilalamika kwamba ana mteja saa mbili. Fundi akakata kipande cha katoni na kukinga pawasaplai na ramu, ili joto lisifike huko. Akaelekeza hewa ya moto kwenye ile safu ya kapasita, kwa mbali, akiusogeza mkono, dakika mbili. Akazima draya. Akabonyeza swichi.

Feni ikazunguka na kuendelea kuzunguka. Kengele ndogo ikalia mara moja, ishara kwamba mashine imejikagua na kujiona nzima. Dada wa saluni akapiga kofi moja, akachukua draya yake akaenda.

Sitasahau nilivyojisikia. Mashine haikuwa imetengenezwa bado, na ikipoa ingegoma tena. Lakini sasa tulijua. Kuna faraja kubwa katika kujua ugonjwa ulipo, hata kabla ya dawa.

Kulehemu ndiko kulikochukua muda. Lehemu ya mashine hii haikuwa na risasi, maana mwaka 2006 ndio Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na lehemu ya namna hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Ile ya risasi ambayo mafundi wetu huitumia huyeyuka kwenye 183. Tena mazabodi ina tabaka za shaba ndani yake zinazonyonya joto kama mchanga unavyonyonya maji. Asiyejua hushikilia chuma hapo mpaka ubao ukaungua na njia za shaba zikabanduka. Yeye aliongeza kwanza tone la lehemu laini juu ya ile ngumu. Zikichanganyika, zote huyeyuka mapema. Akaegemeza kapasita upande mmoja huku akipasha mguu mmoja, kisha upande wa pili, ikatembea nje kwa hatua ndogo ndogo kama jino la mtoto. Tundu lililobaki limeziba alilizibua kwa sindano ya chuma cha pua, ambayo lehemu haishikani nayo. Dirisha lilikuwa wazi wakati wote na mvuke wa ulimbo ukitoka nje, jambo ninalolitaja kwa sababu nimeingia vibanda vingi ambamo fundi anavuta moshi huo siku nzima na mtoto amelala kwenye kona.

Kapasita mpya alizitoa kwenye bahasha. Aliangalia mambo matatu: kiasi cha chaji kiwe kile kile, volti ziwe sawa au zaidi na kamwe zisipungue, na iwe ya aina inayohimili nyuzi 105. Ule mstari wa upande wa hasi aliulinganisha na alama ya ubaoni mara mbili kabla ya kuingiza, kwa kuwa kapasita ya namna hii ikiwekwa kinyume hupasuka. Alibadilisha zote tisa, si nne tu. Zilizobaki zilizaliwa siku moja na zile zilizokufa, alisema, na hakuna haja ya kumrudisha mzee hapa Oktoba. Tisa hizo ziligharimu kiasi kidogo kuliko kilo moja ya nyama. Kazi ya mikono yake ilikuwa zaidi, na ilistahili.

Wakati chuma kikipoa alinipa darasa la magonjwa ya mashine za huku, na nikalinganisha na niliyoyaona mwenyewe katika safari zangu. Magonjwa hayo hufuata hali ya hewa, kama ya binadamu. Kompyuta za Nanyuki humfikia zikiwa zimekabwa na vumbi la Laikipia. Ukifungua, mapezi ya alumini yanayopoza prosesa yamefunikwa blanketi la kijivu, na grisi ya kupitisha joto imekauka ikawa unga. Mashine kama hizo hujizima zenyewe baada ya robo saa, na dawa yake ni brashi na tone jipya la grisi. Tena ni vizuri kukumbuka kwamba kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita, kwa hiyo feni hupoza kwa nguvu pungufu hata kama sisi wenyewe tunatetemeka. Za Mwea, huko chini kwenye joto, huja na makapi ya mpunga. Za Othaya na za kwetu Mukurwe-ini, kwenye unyevu wa vilima vya majani chai, mara nyingi haziugui kitu ila utando kwenye meno ya ramu au kwenye waya wa hadi diski. Raba ya wanafunzi na spiriti huzimaliza.

Karatina ina ugonjwa wake, nao ni stima. Mashine nyingi za saiba na maduka karibu na soko zimechomekwa kwenye kamba moja na friji, mashine ya kusaga na vingine visivyohesabika. Mahali popote, stima ikipotea ni usumbufu, lakini madhara makubwa huja inaporudi. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipozimika, fundi wangu anasema wiki iliyofuata alipokea pawasaplai nyingi kuliko kawaida yake. Ushauri wake ni rahisi kiasi kwamba watu hawaufuati: stima ikipotea, chomoa waya ukutani, na usiuchomeke tena mpaka taa za jirani zimetulia.

Nilimuuliza kama kazi hii ina kesho. Alifikiri kidogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 haikubali mashine zisizo na kijenzi cha usalama cha kizazi kipya. Kwa hiyo kompyuta nyingi ambazo vijenzi vyake vyote ni vizima zimeambiwa zimezeeka. Wateja wengine humletea wakidhani zimeharibika. Yeye huziwekea mfumo wa Linux Mint, usiolipiwa, na badala ya hadi diski inayozunguka huzifunga SSD ndogo, kisha zinakimbia kuliko zilivyokuwa mpya. Tatizo ni kumshawishi mtu aliyezoea picha fulani kwenye skrini. Mimi naona hapa ndipo shule zetu na ofisi za vyama vya ushirika vya kahawa zingesaidika zaidi, na inaniuma kuona mashine inayoweza kuandika kilo za mkulima kwa miaka mitano mingine ikipelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Maana huko ndiko zinakoishia. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na pungufu ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na Nairobi pana kituo cha WEEE kinachopokea vifaa vya namna hii. Lakini kutoka Mukurwe-ini hadi Nairobi ni nauli, na mwenye mkokoteni anapita mlangoni kila Jumanne. Nimeona nyaya zikichomwa kando ya mto ili kupata shaba, moshi mweusi ukielekea mashamba ya mboga. Kila mashine inayotengenezeka ni moshi ambao haujawashwa, na hii kwangu ni sababu nzito kuliko pesa nilizookoa.

Kilomita chache kutoka kwenye kibanda hicho, nje ya mji, kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kilianza mwaka 1972 kama taasisi iliyojengwa kwa harambee ya wananchi wa Nyeri, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012. Leo ndani ya eneo lake mna kampuni inayoshughulika na vijenzi vya semikonda, kazi ya vipimo vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Naifurahia habari hiyo. Ila ningependa siku moja wanafunzi wanaojifunza kuvitengeneza vijenzi wapande ngazi za jengo la Gakere asubuhi ya baridi, wamtazame mtu anayejua kuvisikiliza.

Ilibaki ile habari ya tarehe. Fundi aling'oa betri ya mviringo, kama sarafu, iliyo kwenye mazabodi. Imeandikwa CR2032 na inapaswa kutoa volti 3. Mita ilisoma 1.9. Betri hiyo ndiyo inayoiwezesha saa kutembea hata waya ukichomolewa. Ikiisha, mashine hurudi kwenye tarehe iliyopewa kiwandani, na tovuti salama hukagua hati zenye mwanzo na mwisho wa uhalali, kwa hiyo kompyuta inayoamini tuko mwaka 2005 huziona zote kuwa za uongo. Niliwahi kulipa saiba mwisho wa Juni nikapanga foleni na umati wa watu wanaowasilisha ripoti za kodi, kumbe dawa ilikuwa betri inayouzwa pale dukani chini ya saiba hiyo.

Kabla hajafunga sanduku, aliirudisha hadi diski na kuendesha programu inayosoma afya yake. Akanionyesha namba moja iliyokuwa inapanda: sehemu za diski zilizoharibika na kuhamishiwa akiba. «Hii bado haijaanza kugongagonga,» alisema. «Ikianza kugonga tak, tak, zima hapo hapo, usijaribu tena na tena. Lakini wewe usingoje ianze.»

Nilibeba kompyuta hadi Ruring'u nikaiacha usiku kucha chumba cha baridi, dirisha wazi kidogo kwa makusudi. Asubuhi kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 11. Nikabonyeza swichi mara moja. Ikalia kengele yake, ikawaka, na pembeni mwa skrini tarehe ilikuwa ya siku hiyo hiyo. Sikunywa chai kwanza. Nilichomeka flashi mbili nikanakili daftari lote la chama tangu 2011. Moja nimebaki nayo. Nyingine niliifunga kwa karatasi ya nailoni nikapanda matatu ya Mukurwe-ini nikamkabidhi mweka hazina mkononi, naye akaiweka ndani ya kabati la sufuria, pale anapoweka hati ya shamba.